Somo na Duara la Chaki

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema, si kwa kutubu, bali asije mtu akaniambia baadaye kwamba habari hizi nimezipaka rangi. Nimezipaka. Namweleza Somo kama nilivyomwona mimi, na mimi nilimtazama kwa jicho la mtu aliyemtaka awe wake peke yake.

Alinifunda nilipovunja ungo. Mama alinishika mkono akanipeleka kwake, nyumba ya tatu kutoka pembe ya barabara yetu hapa Ngamiani, tukawa wari kadhaa chumba kimoja. Siku zetu zilipokwisha wenzangu walirudi makwao, wakaolewa, wakasahau. Mimi nilirudi nyumbani nikalala, na kesho yake alasiri nikajikuta mlangoni kwake tena nauliza kama kuna maji. Nilipojifunza kushona nikapanga kibaraza mkabala na nyumba yake, na cherehani nikaiweka inatazama mlango wake. Wateja hushangaa kwa nini nashona nikiwa nimeelekea jua. Nilitaka nione nani anaingia.

Waliingia wengi. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, kifua kipana na miguu myembamba ambayo ungedhani kaazima, na alitembea kwa haraka hata akienda msalani. Sauti yake ilikuwa nzito. Harusi ya mtaani kwetu haikuwa harusi mpaka sauti ile isikike chumbani kwa bibi harusi, ikitoa amri.

Alifunda subira, naye hakuwa na subira ya kungoja chai ipoe. Aliimimina kwenye kisahani, akaivuta kwa kelele, ikamuunguza, akailaumu chai. Daktari alimkataza sukari, na kila asubuhi alinituma nusu kilo dukani, "ya wageni." Alifunda wari kukaa na mume kwa hekima, naye waume watatu aliwaacha. Wa kwanza alikoroma. Wa pili alikuwa na mama. Wa tatu, alisema, "Nimesahau sababu, lakini alinikera." Mwari mmoja mwenye ulimi akamuuliza mbona hafuati yale anayofundisha. Somo alimtazama akamwambia, "Kinyozi hajinyoi," akaendelea na somo la siku ile, ambalo kama nakumbuka sawasawa lilikuwa la namna ya kunyamaza.

Siku za mpira alifunga mlango akabana redio sikioni, na mwamuzi akiikosea timu ya hapa Tanga, maneno yaliyotoka ndani hayakuwa ya kumfundia mtoto wa mtu. Kisha hutoka barazani, ushungi umekaa sawa, akamuuliza muuza kahawa nani kashinda. Paka aliwafukuza mchana kwa ufagio, na jioni vichwa vya samaki vilikutwa vimepangwa nyuma ya nyumba. Ukimuuliza, "Vimeanguka." Hata hao paka niliwaonea wivu. Mimi sikuwahi kuangushiwa kitu.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa namna alivyosema na watu. Kwa watu wote alikuwa na ulimi wa asali. Muuza mkaa aliambiwa, "Nakuomba mwenzangu, nichagulie makaa ya mkungu." Mtoto wa jirani aliambiwa tafadhali. Dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye ndevu, aliombwa radhi kwa kucheleweshwa. Mimi sikuombwa kitu. Mimi nilikuwa leta, ondoa, shika, kimbia. "Weye, moto." Jina langu alilijua vizuri, maana mbele za watu alilitumia kunisuta. Miaka yote ile nilingoja tafadhali moja, na nilijiambia kwamba siku akiniambia tafadhali ndiyo nitajua nimekuwa mtu kwake.

Na kulikuwa na udi. Somo alipika udi wake mwenyewe, vipande vya udi na sukari na marashi, kwenye sufuria ambayo haikuguswa kwa kazi nyingine. Vipimo hakumwambia mtu. Alikuwa na chetezo cha udongo cha marehemu mama yake, kimemeguka mdomo upande mmoja, na harusini mimi ndiye niliyewasha makaa, niliyepuliza, niliyebeba chetezo kikiwa cha moto nimekizungushia kitambaa. Lakini kutia udi juu ya makaa, hapana. Siku moja, bado msichana, nilinyoosha vidole kwenye kopo. Alinipiga kofi la mkononi, jepesi, akasema, "Yako ni makaa." Watu wa mtaani walisema kwamba yule atakayeachiwa atie udi ndiye mrithi wake. Yeye hakulisema wala hakulikanusha. Nami nikashika makaa yangu, nikawa nangoja hilo pia.

Hapo ndipo alipokuja yule Mchina wa vyombo.

Alikodi duka la pembeni, kwenye njia panda yetu, akajaza sahani, chupa za chai na mabeseni ya rangi zote. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, alipanda baiskeli kama sisi, na baada ya mwaka mmoja akajua kupatana bei kuliko mimi. Somo mwanzoni alimtazama kwa mbali. "Waja leo, waondoka leo," alisema, kama watu wa Tanga wanavyosema juu ya mji wao. Lakini yule mama kila asubuhi alipita akasema, "Shikamoo, Bibi," akaivuta mwishoni kama wimbo, na Somo alipenda. Akawa anatoka barazani saa ile ile. Nilimwona. Cherehani yangu iliona kila kitu.

Ilikuwa mwanzo wa masika, alasiri, mvua imetoka kukatika. Mchina alifunga duka mapema. Akatoka na kipande cha chaki, akainama njia panda penyewe, akachora duara kwenye lami, ila hakulifunga. Aliacha nafasi upande mmoja. Ndani akaweka machungwa, kikombe cha chai, na bunda la karatasi za manjano na nyingine zimechapwa mfano wa noti. Akachuchumaa akaanza kuziwasha kwa kiberiti, huku anasema peke yake kwa lugha yao.

Sasa, kwetu mtu hafanyi jambo njia panda akabaki na jina zuri. Njia panda ndiko kunakookotwa nazi iliyovunjwa na kitambaa chekundu, na anayeokota huoga maji ya chumvi. Watu walikusanyika haraka. Mwenye duka la dawa akasema tunafungwa biashara. Mwingine akasema zile noti ni zetu, zimevutwa kutoka mifukoni mwetu, nikaona watu wawili wanajipapasa mifuko. Mtu alikwisha kuchota ndoo ya maji. Mjumbe wa mtaa akaitwa, akaja anafunga vifungo vya shati.

Nami, nikisema kweli, nilifurahi. Nilijiambia: leo hiyo shikamoo ya kuvuta itakatika.

Somo akatoka. Watu wakampisha. Akasimama kando ya lile duara, mikono kiunoni.

"Wafanya nini hapo, mama?"

"Mama yangu," Mchina akasema. Hakuinuka. "Amekufa. Kwetu siku hizi ni siku za kusafisha kaburi. Mimi niko huku. Siwezi kusafisha."

"Na hili duara?"

"Nyumba yake. Vitu viwe vyake peke yake, wengine wasichukue."

"Na hapa palipokatika?"

"Mlango. Unaangalia kwetu." Akaonyesha kwa mkono upande wa bandari, na mbele zaidi.

Mjumbe akakohoa. "Bi Somo, hii ni njia panda."

"Naijua. Nimeanza kuipita weye hujaota meno." Akamrudia Mchina. "Mamaako alikuwa mkali?"

"Sana."

"Basi usimpe karatasi mbichi. Atakasirika." Maana kwa ule unyevu karatasi zilikuwa zinatoa moshi tu, haziwaki. Akageuka, macho yake yakanipata mimi kwenye kundi. "Weye, moto."

Nilikimbia. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikapuliza mpaka yakawa mekundu, nikachukua na kopo la udi, maana nilimjua, mtu aliyekufa hatajwi mbele yake bila kufukiziwa. Nikarudi mbio. Mtaa mzima uko pale, nilifikiri. Mikono yake hukakamaa kwa baridi siku za mvua. Leo ataniambia mimi nitie.

Alikipokea chetezo kutoka mikononi mwangu. Akampa Mchina, kwa mikono miwili.

"Tafadhali," akamwambia, "tia udi. Mfukizie kwanza, ndo umpe vitu vyake. Mtu hapewi kitu mlangoni hajakaribishwa."

Yule mama alichota udi wa harusi nzima, donge zima, akautupa juu ya makaa. Nilingoja kofi. Halikuja. Somo alisimama akatazama moshi, midomo yake inasoma Fatiha, na kisha akamshikia Mchina fimbo ya kukorogea karatasi ziungue vizuri. Ndoo ya maji ilirudishwa ilikotoka. Mimi nilibaki na kitambaa cha kushikia chetezo. Wivu nilioona siku ile sijaona tena, isipokuwa mara moja.

Ustadhi wa madrasa alikuja kesho yake kuuliza kwa adabu. Somo akamtilia chai. "Mie nimesoma Fatiha yangu," akasema. "Yeye kachoma karatasi zake. Sikuzishika." Ustadhi akamkumbusha kwamba fimbo alishika. "Fimbo nilishika," akakubali, akamwongeza kashata. Ustadhi alitoka pale hajui kama amejibiwa.

Basi ikawa desturi. Kila mwanzo wa masika Mchina alichora duara lake, na Somo alimtolea chetezo, na moto uliwashwa na nani? Na mimi. Watu walizoea. Muuza kahawa alisogeza birika lake kupisha. Kuna waliojongea kusikiliza yule mama anavyosema na mamaye, wakasema hawaelewi neno lakini wamejua kwamba anasutwa kwa kutoolewa tena. Somo alianza kumtayarisha yule bibi wa kuzimu kama mgeni wake mwenyewe. Alipeleka tende. Aliuliza kama anapenda chai ya tangawizi.

Ile mara nyingine niliyoitaja ilikuwa mwaka wa tatu au wa nne. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma yao na kipepeo cha kupepea makaa. Mchina alipomaliza za ndani, alichukua karatasi chache akazichoma nje ya duara, bila utaratibu, kama mtu anayewarushia kuku mtama.

"Na hizo?" Somo akauliza.

"Za wengine. Hawana watoto, hawana mtu wa kuwapa. Wanapita tu. Wakikosa kabisa wanaleta fujo."

Somo akanyamaza. Mimi namjua alivyokuwa akinyamaza. Mara nyingi ilikuwa ni kutafuta neno la kumchoma mtu. Siku ile haikuwa hivyo. Alizitazama zile karatasi za nje zikijikunja.

"Mie sina mtoto," akasema.

Mchina akazichochea karatasi.

"Nakuomba," akasema Somo, na sauti yake nzito ilikuwa imeshuka. "Siku yangu ikifika, usinitupie nje. Tafadhali."

"Wewe ndani, Bibi. Nitachora kubwa."

Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa bega. Mie sina mtoto. Nimemchotea maji tangu sijajua kufunga kanga vizuri, nimemkanda miguu, nimemsikia akitukana waamuzi nikaficha siri yake, na kilichomtia hofu duniani, cha kwamba atakufa asiwe na wa kumkumbuka, alikipeleka kwa muuza mabeseni. Kwa kumwomba. Kwa tafadhali. Ilikuwa kama ndimu kwenye kidonda. Nikaweka kipepeo chini, nikaenda zangu, na siku kadhaa sikukanyaga kwake. Niliigeuza cherehani ikatazama ukuta.

Kisha akamtuma mtoto wa jirani. "Umeambiwa jiko halijawaka." Nikaenda. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nami sikumwambia. Aliniwekea wali wa nazi uliobaki jana, akanitazama mpaka nikaumaliza, akasema sufuria yaningoja.

Mchina aliondoka mwaka juzi. Baba yake alikuwa mgonjwa, hana wa kumtunza. Aliuza vyombo vyake kwa bei ya kutupa, akaja kuaga. Niliwaona kupitia mlango ulio wazi: Somo aliingia ndani, akatoka na kitu amekifunga kwenye kanga mpya, akamtia mikononi. Nilikijua kwa umbo. Ulionekana hata ule mdomo uliomeguka. Siku ile nilishona mkono wa dera mahali pa shingo, na mwenye dera mpaka leo hajanielewa.

"Waja leo, waondoka leo," Somo alisema jioni yake, nikimwagia maji ya kunawa. Macho yalikuwa mekundu. Nilimwambia ni moshi wa jiko langu. Akasema ndiyo, jiko langu moshi umezidi.

Baada ya hapo miguu ilimkataa. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuja kumchukua akampeleka Moa, kwao. Niliposema mimi nipo, naweza kumtunza, yule mpwa alinijibu kwa upole kwamba mgonjwa hukaa kwa ndugu zake. Kwenye ukoo mimi si kitu. Ni mwari wa zamani. Mpwa naye nikamwongeza kwenye orodha ya watu ninaowaonea wivu, na ilikuwa ndefu.

Mwaka huu, mawingu ya masika yalipoanza, nikaenda Moa. Nilishuka barabara kuu nikachukua bodaboda, njia ina madimbwi, nikafika nimerushiwa tope mpaka mgongoni. Nilimkuta ukumbini, juu ya kitanda cha kamba, amepungua. Kile kifua kipana kilikuwa kimelala. Macho hayakupungua.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Umenona," akasema. "Nguo ina tope. Hamna bodaboda asiye na wazimu huko?"

Mpwa alikuwa anamfukizia. Makaa yalikuwa kwenye kigae, kipande cha chungu kilichovunjika. Nilikitazama kile kigae, na Somo aliniona ninavyokitazama.

"Chatosha hicho," akasema.

Tukakaa. Nikampa habari za mtaa. Duka la vyombo sasa ni la simu. Muuza kahawa kaoa tena. Alisikiliza amefumba macho, kisha akayafumbua kwa ghafla kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

"Masika yameingia," akasema. "Yule bibi atakuja."

"Bibi gani?"

"Mamaye Mchina. Miaka yote hiyo kapokelea pale njia panda. Ashapazoea. Mwanawe kaenda kwao, sijui kama kamwambia. Atakuja pale pembeni akute pakavu, maduka ya simu. Mgeni akishazoea baraza yako huwezi kumgeuzia mgongo." Akanyoosha kidole chini ya kitanda. "Kopo la udi li hapo. Chukua. Utachora lile duara, mlango utazame bandarini. Machungwa ya Muheza, yeye hapendi mengine. Utatia udi weye."

Miaka yote nilingoja neno lile, na lilikuja hivyo, kwa ajili ya mama wa yule. Nilicheka, kicheko kibaya, na kilipokwisha nikasikia mdomo wangu unasema bila ruhusa yangu.

"Mbona yeye ulimwomba?"

"Nani?"

"Mchina. Ulimwomba akuweke ndani ya duara. Ulimwambia tafadhali. Nilikuwa nyuma yako na kipepeo, Somo. Ukamwambia huna mtoto. Na mie nilikuwa nani pale? Miaka yote hujaniomba kitu. Hata chumvi hujaniomba."

Mpwa aliacha kupepea. Somo alinitazama kama alivyowatazama wari wanaokosea jambo jepesi.

"Mtoto wa kuzaa sina," akasema. "Hilo ni kweli. Na yule ni mtu wa watu. Mtu wa watu humwombi?"

"Na mie?"

"Weye nikuombe nini? Mtu haombi mwanawe. Humtuma."

Akageuza uso ukutani, kama mtu aliyechoshwa na maswali. Nje mvua ilianza kupiga bati, kidogo kidogo, na kopo la udi lilikuwa magotini mwangu na sikukumbuka nimelichukua saa ngapi.

"Nina kiu," akasema kuelekea ukutani. "Maji. Ya mtungini, si ya friji."

Mpwa wake alikwisha kuinuka, kikombe mkononi. Nikakichukua kikombe kile.

"Kaa," nikamwambia. "Nimetumwa mimi."